Kufuta Fundo Watu Wakiwa Njiani

Maneno niliyoyasema Tanga mjini mbele ya vijana waandishi wa programu na watunza hesabu wa vyama vya akiba na mikopo, juu ya kufuta kumbukumbu kwenye hifadhidata wakati wengine bado wanaitumia. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, kwa sababu wengi waliniomba.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu mliokaa mbele, dada zangu wa vyama vya akiba, na nyinyi wanangu mliojazana kule nyuma na kompyuta mapajani, nawashukuru kwa kuja.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natunza programu ya chama kimoja cha akiba na mikopo katika mkoa huu. Asubuhi moja, kama saa nne hivi, alikuja dirishani mzee mmoja mchuuzi wa samaki, wale wanaoamkia soko la samaki la Deep Sea kabla jua halijatoka ili wawahi mnada. Akanisogezea simu yake. Ujumbe ulitoka kwetu: mkopo aliomdhamini fulani umepitisha siku 30 bila marejesho, kwa hiyo afike ofisini. Mzee alikuwa amejiunga na chama majuma matatu tu nyuma. Hakuwahi kumdhamini mtu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, ili waliokuwa kwenye foleni wasisikie, "Mwanangu, nimemdhamini nani mimi?"

Mnajua wenyewe, pwani hii kudhamini ni kuweka jina lako mbele za watu. Jina likishatajwa sokoni pamoja na deni, kulisafisha ni kazi ya miaka. Mzee hakuwa na hofu ya fedha, alihofu kusemwa. Nikamwomba radhi, nikamwambia kosa ni letu, ingawa wakati ule sikujua hata ni kosa gani. Kisha nikakaa siku mbili nikilitafuta.

Nilichokuta ni hiki. Mwanachama mmoja wa zamani alikuwa ameomba kujitoa. Karani wa dirisha la kwanza akafungua fomu yake, programu ikakagua: je, mtu huyu anamdhamini yeyote? Jibu: hamdhamini yeyote. Dakika ileile karani wa dirisha la pili alikuwa anaandika mkopo mpya wa mtu mwingine, na karatasi iliyosainiwa wiki iliyotangulia ilimtaja mdhamini ni huyohuyo anayejitoa. Programu ikakagua: je, mdhamini yupo? Jibu: yupo. Wa kwanza akabonyeza kufuta. Wa pili akabonyeza kuhifadhi. Kila mmoja aliambiwa kweli, lakini kweli ile ilikuwa imeshapitwa na wakati kabla kidole hakijagusa kitufe. Udhamini ukabaki umeandikwa kwa namba ya mtu ambaye hayupo. Majuma machache baadaye akajiunga yule mzee wa samaki. Hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu za programu, ikatafuta pa kumweka, ikaona nafasi iliyoachwa wazi, ikampa nafasi ile na namba yake. Deni la watu likamwangukia mzee wa watu.

Hifadhidata haikukosea. Sisi ndio tuliokosea, na tulikosea mara mbili. Asubuhi hii nataka tuyaone makosa hayo yote mawili, maana kila ninapopita kwenye vyama na ofisi nayakuta tena, yameandikwa na vijana wazuri wenye akili kutuzidi sisi.

Kwa wale wa hesabu, niseme kidogo grafu ni nini. Mwaka 1736 Leonhard Euler aliulizwa kama mtu anaweza kuvuka madaraja saba ya mji wa Königsberg, kila moja mara moja tu, na akaonyesha kwamba haiwezekani. Ili ajibu alisahau nyumba, mitaa na urefu wa mto, akabakiza mambo mawili: sehemu za nchi kavu, na madaraja yanayoziunganisha. Hifadhidata ya grafu hufanya vivyo hivyo. Kuna kitu, na kuna uhusiano kati ya kitu na kitu. Vitabuni kitu huitwa nodi. Mimi nimelelewa na baba aliyekuwa akishona nyavu, kwa hiyo nasema fundo, na uhusiano nauita uzi. Mwanachama ni fundo. Mkopo ni fundo. Udhamini ni uzi. Ukitaka kujua fulani akishindwa kulipa ni nani wataumia, unasimama kwenye fundo lake, unafuata nyuzi hadi kwa wadhamini, kutoka hapo hadi kwa wale wanaowadhamini wao, na kuendelea.

Hapo ndipo penye tofauti kubwa na majedwali mliyozoea. Anayesoma jedwali husimama nje akaletewa safu. Safu iliyofutwa haiji, basi. Msomaji wa grafu yumo ndani, anatembea. Ametoka fundo la kwanza, yupo juu ya uzi, anaelekea fundo la pili. Ukilifuta fundo la pili wakati huo, hujamwondolea safu tu, umemkatia njia akiwa juu yake.

Tuingie diskini, kwa sababu hamtaelewa mpaka mwone kinachofanyika huko. Katika muundo wa kuhifadhi ambao Neo4j, mojawapo ya hifadhidata za grafu, iliutumia kwa miaka mingi, rekodi ya kila fundo ni baiti 15 na rekodi ya kila uzi ni baiti 34, bila kuzidi wala kupungua. Kwa nini ziwe sawa? Kwa sababu ukiwa na namba ya fundo unaizidisha mara 15 na tayari umejua lilipo kwenye faili. Hakuna kutafuta kwenye faharasa. Ndiyo maana kutembea kwenye grafu kuna kasi. Lakini ona matokeo yake: namba ya ndani si jina la mtu, ni mahali alipokaa. Akiondoka, kiti kinabaki wazi, na wa kwanza kuja baadaye anaweza kupewa kiti kile.

Nyuzi nazo zimeshikana. Mmewaona watoto wa chekechea wanavushwa barabara, kila mmoja kamshika mkono wa mbele na wa nyuma yake? Nyuzi zote za fundo moja zimepangwa hivyo. Ila uzi mmoja una ncha mbili, kwa hiyo uko katika misururu miwili kwa mpigo: msururu wa anayedhamini na msururu wa anayedhaminiwa. Kuutoa uzi mmoja ni kuwaunganisha jirani zake wawili upande huu na jirani zake wawili upande ule. Sasa fikiria msomaji amesimama kwenye uzi huo, wewe ukautoa, na papo hapo nafasi yake akapewa uzi wa watu wengine. Msomaji anauliza, "Wa mbele yako ni nani?" Anajibiwa, na jibu linampeleka kwenye msururu wa fundo asilolijua. Programu haianguki, wala taa nyekundu haiwaki. Ripoti inatoka safi, imepangwa vizuri, na si ya kweli. Hili ndilo linalonitia hofu kuliko programu kuanguka, kwa sababu programu iliyoanguka utaitengeneza leo, na ripoti ya uongo itasainiwa na mwenyekiti.

Watengenezaji wa hifadhidata wanalijua jambo hili, na wamejenga kinga ili msomaji wako asipotezwe namna hiyo diskini. Ila kinga zina viwango, na lazima ujue umekaa kwenye kiwango gani.

Kinga ya zamani ni kufuli, yaani alama ya kuwazuia wengine wasiguse kitu mpaka umalize. Mwaka 1976 Eswaran, Gray, Lorie na Traiger waliandika kanuni ambayo bado tunaifundisha: muamala, yaani kundi la hatua zinazokamilika zote pamoja au zisikamilike kabisa, ukusanye kufuli zake zote kwanza, na ukianza kuachia hata moja, usichukue nyingine. Wasomaji wanashika kufuli la pamoja, anayefuta anashika la peke yake na anangoja wasomaji watoke. Ni salama. Lakini kwenye grafu msomaji mmoja wa ripoti anaweza kupita mafundo laki moja, na akiyafungia yote, dirishani hakuna karani atakayehifadhi kitu mpaka amalize. Kuna na mkwamo: muamala wa kwanza umeshika fundo la Asha unangoja la Juma, wa pili umeshika la Juma unangoja la Asha. Hapo hata wangoje mpaka Idi. Hifadhidata nzuri huugundua mkwamo kwa kuchora nani anamngoja nani, na ikiona duara, inamtoa mmoja. Vijana, anayetolewa ni muamala wako, na ni kazi yako kuurudia. Nimeona programu nyingi zinazomwonyesha karani maandishi mekundu na kumwacha hapo, wakati kurudia mara moja kungetosha. Na kama muamala wako unagusa mafundo mengi, yapange kwa namba za uanachama, uyashike kwa mpangilio huohuo kila siku. Mikwamo mingi itaisha yenyewe.

Kinga ya pili ndiyo naipenda. David Reed aliieleza katika tasnifu yake ya chuo kikuu cha MIT mwaka 1978: usibadilishe kitu kilichopo, andika toleo jipya. Kila toleo lina alama mbili, limezaliwa muamala namba fulani, limekufa muamala namba fulani. Kufuta basi ni kuandika namba ya kifo, hakuna kinachong'olewa. Msomaji anapoingia anapewa namba ya saa aliyoingia, na mafundo yote anayaona kama yalivyokuwa saa ile. Fundo lililokufa baada yake, kwake yeye bado li hai. Hamngoji mtu na hakuna anayemngoja. Wanaotumia hifadhidata ya PostgreSQL wanazo alama hizo kwenye kila safu, zinaitwa xmin na xmax, na kazi ya kufagia maiti inaitwa VACUUM.

Lakini anayefagia ana sharti. Hawezi kuondoa toleo lililokufa mpaka aondoke msomaji wa mwisho aliyeingia likiwa hai. Wanaovuka Pangani kwenda Bweni kwa kivuko watanielewa: hata likitangazwa kwamba gati linafungwa, waliokwisha kuingia kivukoni lazima kwanza wateremke. Sasa kama kuna mtu mmoja hateremki? Nimekuta ofisini ripoti imefunguliwa Ijumaa mchana, mwenyewe akaenda kuswali, akaenda kula, akaenda nyumbani, muamala uko wazi mpaka Jumatatu. Siku tatu nzima hakuna kilichofagiwa. Diski inajaa na kila mtu anailaumu seva. Katika LMDB, hifadhidata nyingine, ni hivyohivyo, msomaji mmoja aliyesahauliwa huzuia kurasa za zamani zisitumike tena, na faili linanenepa. Mji wetu husifiwa kwa waja leo waondoka leo. Wasomaji wenu wawe hivyo. Wekeeni kila muamala wa kusoma muda wa ukomo, na ripoti ndefu igawanywe au ipelekwe kwenye nakala ya pembeni.

Sasa nafika penye shimo lililomponza mzee wangu. Watu wakisikia habari ya matoleo hudhani wamemaliza: kila muamala una picha yake ya wakati, hakuna kugongana. Mwaka 1995 Hal Berenson na wenzake, Jim Gray akiwemo, waliandika makala iliyoonyesha kwamba picha hiyo haitoshi. Hifadhidata ya namna hii huwazuia wawili wanaoandika mahali pamoja. Je, wakiandika mahali tofauti, kila mmoja akitegemea alichokisoma mahali anapoandika mwenzake? Inawapitisha wote wawili.

Rudini kwenye madirisha mawili. Dirisha la kwanza lilisoma orodha ya udhamini, likaandika kwenye fundo. Dirisha la pili lilisoma fundo, likaandika kwenye orodha ya udhamini. Hakuna mahali ambapo wote wawili waliandika. Kwa macho ya hifadhidata hawakukutana kabisa. Uzi ukabaki unaning'inia, ncha moja imefungwa na nyingine haina fundo.

Dawa yake ina maneno machache, nami naomba kila kijana aliyeko humu aiandike: anayeongeza uzi lazima ayaguse mafundo yake yote mawili. Hata kama habadilishi chochote ndani yake, ashike kufuli kwake, au aandike kitu kidogo tu kama tarehe ya kuguswa, ili yeye na anayefuta wakutane mahali pamoja na mmoja arudishwe. Neo4j inalifanya hili kwa niaba yako pale unapotumia nyuzi zake za kweli. Ukiunda uhusiano, mafundo ya ncha mbili hufungwa. Na fundo likiwa na nyuzi nyingi sana, ambapo kulifunga kwa mtu mmoja kungewakwamisha wote, hutumika kufuli za pamoja: watu kumi wanaweza kuongeza nyuzi kwa mpigo, ila hakuna awezaye kulifuta fundo wakati huo. Mimi nililistaajabia jambo hilo nilipolisoma, kwa sababu ndivyo hasa ulivyo udhamini. Watu kumi wanaweza kumwegemea mtu mmoja, na maadamu wanamwegemea haruhusiwi kuondoka.

Basi sisi tulikosea wapi? Tuliutoa udhamini nje ya grafu. Ili ujumbe wa simu uende haraka, tulitengeneza jedwali la pembeni lenye namba ya mkopo na namba ya ndani ya fundo la mdhamini. Hifadhidata haikuwa na habari ya uzi huo, na haiwezi kukulindia uzi usioijulisha. Hilo ndilo kosa la kwanza. La pili ni ile namba ya ndani. Waraka wa Neo4j wenyewe unaonya kwamba namba hizo hutumika tena baada ya kufuta. Tulikuwa na namba ya uanachama, iliyoandikwa kwenye kitabu cha kila mtu, isiyopewa mtu mwingine maisha. Tukaacha jina tukashika kiti.

Na tahadhari, si kila hifadhidata ya grafu itakufungia mafundo. JanusGraph hukaa juu ya hifadhi nyingine, kwa mfano Cassandra, hifadhidata inayoweka nakala kwenye seva nyingi, na nakala hizo hukubaliana baadaye. Waraka wake unaeleza wazi: muamala mmoja ukifuta fundo huku mwingine unalibadilisha, yote miwili inaweza kukubaliwa, na linabaki fundo la kizuka, halina jina wala alama zake za kawaida, ila lipo na nyuzi zinaligusa. Ukiitumia, panga mapema nani atavisaka vizuka hivyo na lini. Hata Neo4j, kwa desturi, humwahidi msomaji jambo moja tu: kwamba hataona kilichoandikwa na muamala ambao haujakamilika. Haimwahidi kwamba fundo aliloliona mwanzo wa safari atalikuta tena mwisho. Ripoti inayojumlisha dhamana za tawi zima inaweza kumhesabu mtu kwenye jumla na kumkosa kwenye mchanganuo. Mkaguzi akiziona namba mbili zisizolingana hatauliza kiwango cha kinga ya muamala, atauliza fedha ziko wapi.

Nataka niwaonyeshe kwamba shida hii si ya mikopo wala ya diski. Mwaka 2001 mtafiti Tim Harris alishughulikia orodha iliyoungwa, ambayo kila kipande kinaelekeza kwa kinachofuata, ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, bila kufuli lolote. Alifu inaelekeza kwa Be, Be inaelekeza kwa Te. Mmoja anataka kumtoa Be, kwa hiyo anaielekeza Alifu kwa Te. Mwingine papo hapo anamweka Jimu nyuma ya Be. Wote wanafanikiwa. Ukitembea kuanzia Alifu unafika Te moja kwa moja, na Jimu, aliyewekwa sasa hivi, hayupo popote, amepotea pamoja na Be. Ni mdhamini wetu yuleyule! Harris akasema: kufuta kufanywe kwa hatua mbili. Kwanza mtie Be alama kwamba anaondoka, na alama iwekwe palepale ambapo anayeongeza angeandika, ili anayeongeza ashindwe. Kisha ndipo umfungue kwenye mnyororo. Ilibaki kuirudisha nafasi ya Be itumike tena kwenye kumbukumbu, na hapo kuna njia ya kungoja: mfumo endeshi wa Linux umeitumia tangu 2002, nayo tasnifu ya Keir Fraser ya 2004 ilieleza njia ya kuhesabu vipindi. Unangoja kila msomaji aliyekuwemo wakati wa kufungua atoke, ndipo unasafisha.

Kwa hiyo kufuta ni matendo matatu. Kutangaza kwamba linaondoka na halipokei uzi mpya. Kulifungua lisionekane kwa wanaoingia. Kuliondoa kabisa wakishatoka waliokuwemo. Programu yetu ya zamani iliyafanya yote kwa kitufe kimoja na kwa mstari mmoja wa msimbo.

Anayekwenda Tongoni ataona makaburi ya nguzo yamesimama pale karne kadhaa. Cassandra nayo huweka jiwe la kaburi, ndivyo wanavyoliita kwa lugha yao, mahali palipofutwa, na kwa desturi jiwe hilo haling'olewi mpaka zipite sekunde 864,000, yaani siku 10. Sababu ni ya kawaida kabisa kwetu: umeme umekatika, seva moja imelala, wakati imelala wenzake wamefuta fundo. Ikiamka bado inalo. Jiwe likiwepo, itaambiwa huyu amekwisha kufariki. Likiwa limeng'olewa, seva iliyolala itawagawia wenzake fundo lile kama jambo jipya, na aliyefutwa atafufuka. Ukiwa na tawi ambalo seva yake hulala zaidi ya siku kumi, ongeza muda wa jiwe, au usiirudishe seva ile kabla hujaisafisha.

Kuna amri moja ya Neo4j ambayo naomba muiogope kidogo, DETACH DELETE. DELETE ya kawaida hukataa kufuta fundo lenye nyuzi. DETACH DELETE hulifuta pamoja na nyuzi zake zote. Kijana akikataliwa na ya kwanza, anaandika ya pili, kosa linapotea, anafurahi. Ndugu yangu, ulichokikata ni mkataba. Mtu alikopa kwa sababu mwenzake alisaini. Ile DELETE iliyokukatalia ilikuwa inafanya kazi ya afisa mikopo mwadilifu. Tumieni DETACH kwa vitu visivyo na haki ya mtu ndani yake, kama alama za muda au data za majaribio.

Wengine watasema, basi tusifute kabisa, tuweke alama ya "amejitoa" milele. Nakubali nusu. Alama ni hatua ya kwanza nzuri. Lakini tangu Mei 1, 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na watu wana haki juu ya taarifa zao, zikiwemo zile ambazo hatuna tena sababu ya kukaa nazo. Kuficha si kufuta. Fundo lenye alama na lisilo na uzi hai lazima lifike siku yake ya kuondolewa kweli, na nakala za akiba zisisahauliwe.

Tulichofanya sisi baada ya mzee wa samaki ni hiki. Udhamini ulirudi ndani ya grafu kama uzi. Jedwali la ujumbe likapewa namba ya uanachama, si ya ndani. Anayejitoa anawekewa alama kwanza, na kila anayeandika udhamini anashika kufuli la fundo la mdhamini ndipo asome alama ile. Mpangilio huo ni muhimu sana: shika, kisha soma. Ukisoma kwanza ukashika baadaye umerudi kwenye madirisha mawili. Kila usiku, ofisi ikishafungwa, kazi ndogo hupita kutafuta mafundo yenye alama yasiyo na uzi hata mmoja, na kuyaondoa machache machache kwa mafungu, ili muamala mmoja usifungie nusu ya hifadhidata. Na mzee tulimwandikia barua yenye muhuri wa chama inayosema hakuwahi kumdhamini mtu yule. Aliikunja akaitia mfuko wa shati, akaenda nayo sokoni.

Nimeleta hifadhidata ya majaribio, wanachama elfu moja wa kubuni. Kuna programu tatu. Moja inafuta wanachama bila kukoma, nyingine inaongeza udhamini bila kukoma, na ya tatu, ambayo nitaiendesha mimi, inahesabu nyuzi zinazoning'inia. Tutaanza na msimbo wetu wa zamani, ule wa kusoma kwanza. Ukikimbizwa peke yake, programu moja baada ya nyingine, hutaona kosa hata mwaka mzima, ndiyo maana majaribio yetu ya wakati ule yalipita yote. Lazima ziende pamoja. Kisha tutabadilisha mistari miwili na kuhesabu tena.

Kijana mwenye shati la kijani, wewe utakuwa dirisha la kwanza. Dada uliye karibu na feni, wewe la pili. Subirini nihesabu tatu, mbonyeze pamoja.